Hapana Kumi na Nne Mbele ya Mama wa Usingizi

Kulikuwa na wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu chote cha kidato cha nne, kwamba hospitalini kuna dawa mbili: ya kulala na ya kuamka. Ya kulala ipo tele, mapipa kwa mapipa, kama maji ya mto Simiyu mwezi wa nne. Ya kuamka ni adimu. Inatoka ng'ambo, inakuja katika kichupa kisichozidi kidole cha mwisho, na kichupa hicho kimoja wanagawana wagonjwa wa wilaya nzima. Ndiyo maana kabla hawajakulaza wanakukalisha kwenye kiti na kukuuliza maswali. Unaumwa kifua? Unakunywa pombe? Umewahi kuanguka kifafa? Kila ukijibu "ndiyo" unapigwa alama. Alama zikizidi, watakulaza vizuri tu, kwa heshima zote, watakung'oa jino lako, halafu ile ya kuamka watampa mwenye afya aliye kitanda cha pili, maana kwako ingepotea bure.

Habari hii niliipata kwa Masanja, fundi wa mashine kiwandani kwetu. Yeye aliipata kwa mtu wa Nkololo, na yule wa Nkololo aliipata kwa mtu aliyeshuhudia kwa macho yake. Kwa ushahidi wa uzito huo hata hakimu asingeuliza zaidi.

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe uliyejifunga kitambaa shavuni, ukaambiwa kwamba jino lako halitoki ukiwa macho. Nicheke upendavyo. Lakini kwanza nikueleze ilikuwaje mtu mzima akaamini.

Miaka hiyo ndiyo kwanza biashara ya pamba imefunguliwa. Sisi wa Bariadi tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Chama cha ushirika, ambacho tangu nizaliwe kilikuwa mnunuzi peke yake, kikajikuta kina washindani kila njia panda, na malori ya rangi ambazo sijapata kuziona hata kwenye kanga. Chama kikaanza kupunguza watu. Kabla ya kupunguza alikuja bwana mmoja na fomu, akatuita mmoja mmoja, akatuuliza habari za afya zetu kwa upole kama mchungaji. Masanja, mtu mkweli kama mizani mpya, akasema anakohoa. Kesho yake jina lake lilikuwa la kwanza ubaoni. Mimi nilikuwa nakohoa kumzidi mara sabini, lakini nilimwambia yule bwana kwamba sijakohoa tangu nizaliwe, hata nilipopaliwa na maziwa ya mama. Nikabaki.

Baadaye sote wawili tulijikuta kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha mtu binafsi, yeye mashineni, mimi karani wa mizani. Kazi ya msimu. Kila msimu ukianza, fomu. Na kila fomu ikija, tulijificha nyuma ya marobota tukifundishana majibu. "Akiuliza kifua, simama wima, vuta hewa nusu, sema safi." "Akikupima macho, lile bango limeandikwa usivute sigara, likariri kabla hujaingia." Vumbi la pamba mle ndani lilikuwa zito kiasi kwamba mtu akipiga chafya aliacha tundu hewani. Vifua vyetu vilipiga filimbi usiku na mchana, lakini kwenye karatasi tulikuwa watu wenye afya kuliko wote Tanzania. Hilo ndilo fundisho nililokwenda nalo hospitali: mwenye kalamu akiuliza afya yako, anatafuta wa kupunguza.

Jino lilianza wakati wa palizi. Gego la mwisho, chini kulia. Mwanzoni lilinong'ona tu. Nikalipa karafuu, likanyamaza. Nikalipa chumvi, likanyamaza. Nikalipa tumbaku ya mama mkwe, likanyamaza siku mbili, na mimi pia nikanyamaza siku hizo mbili, nimelewa. Pamba ilipoanza kupasuka likaacha kunong'ona, likaanza kuhutubia. Wakati wa kuvuna shavu langu lilikuwa papai, na nikisema papai usifikirie yale madogo ya uani. Nilikuwa nikifika mlangoni kwa mtu shavu linabisha hodi, mimi nafuata.

Halafu mzaha ukaisha. Asubuhi moja nilijaribu kuingiza kijiko cha uji mdomoni, hakikupita. Nikageuza kijiko, nikakilaza, nikakisimamisha. Meno yalikuwa yameachana kwa nafasi ya kidole kimoja tu, na kidole chenyewe cha mtoto. Mke wangu, Minza, akaanza kunikorogea uji mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, nauvuta pembeni mwa mdomo kwa mrija wa kalamu. Mkanda wangu wa suruali ulikuwa na matundu matano. Masanja akaniongezea la sita na la saba kwa msumari wa moto. Kumeza mate kukawa kazi ya kujipanga. Na harufu. Sitaificha, maana na wewe unaijua: harufu inayotoka mdomoni mwako mwenyewe na huwezi kuikimbia. Kwenye mizani wakulima walinikabidhi magunia wakiwa wamegeuza nyuso. Minza peke yake ndiye aliyeendelea kuzungumza nami uso kwa uso, karibu, kama zamani. Sijui kama alikuwa akibana pumzi. Sikumuuliza.

Tabibu wa meno wa pale mjini alinimulika kwa tochi, akabonyeza chini ya taya, kisha akazima tochi.

"Hili sindano ya fizi peke yake haitalitosha," akasema. "Usaha umekaa chini huku, na mdomo haufunguki. Ukiuacha, utateremka shingoni. Ukifika shingoni utakuziba pumzi."

"Sasa?"

"Sasa uende hospitali ya misheni. Daktari wa meno wa kuzunguka yuko pale wiki hizi. Watakulaza usingizi. Ila kwanza yule mama wa usingizi atakupima aone kama unafaa."

Kama unafaa. Neno hilo nilitembea nalo mpaka nyumbani kama kokoto kiatuni. Kwa hiyo mbele kulikuwa na usaha unaoteremka shingoni, nyuma kulikuwa na usingizi usio na kuamka, na katikati mama mmoja mwenye kalamu.

Mimi kidato cha nne nilikisoma masomo ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu. Mtu aliyefanya mtihani wa taifa kama mtahiniwa binafsi anajua siri moja: ukipata karatasi za zamani, umeshafaulu nusu. Nikapanda baiskeli mpaka Kasoli kumtafuta Mzee Lushinge, fundi cherehani, ambaye mwaka uliotangulia alilazwa na mama huyo huyo akatolewa magego matatu.

"Mwadila, guku," nikamwamkia babu yule kwa Kisukuma.

"Mwadila. Hilo shavu umelikodi?"

"Guku, nimekuja kwa shida. Alikuuliza nini yule mama?"

Mzee akasimamisha cherehani. "Aliniuliza maswali mpaka nikadhani anataka kuniozesha binti."

Nikatoa daftari. Akanitajia moja moja, mimi naandika: kifua, moyo, presha, kifafa, sukari, figo, pombe, sigara, dawa unazotumia, mzio wa dawa, kukoroma, kulazwa usingizi zamani, ndugu aliyepata matatizo akilazwa, na kama ukipanda ngazi unahema. Kumi na nne kamili.

"Na ulimjibuje kifua?"

"Mimi sina kifua. Nina mgongo."

"Na kweli uliamka?"

"Wewe unaniona nimelala?" Akaanza tena kukanyaga cherehani. Kisha akasema bila kuniangalia, "Lakini mwambie ukweli yule mama, mjukuu. Ana macho."

Niliandika kila kitu alichosema Mzee Lushinge isipokuwa hilo la mwisho.

Kwa siku tatu nilikariri "hapana" kumi na nne kwa sauti ya mtu mwenye mapafu ya ng'ombe dume. Lakini filimbi ya kifuani haikaririshwi. Mjini kulikuwa kumefunguliwa maduka ya dawa, tofauti na zamani, na kila mtu alijiandikia dawa yake mwenyewe kwa mdomo. Nikanunua vidonge vya kifua, vile vidogo vyeupe ambavyo wenzangu kiwandani walimeza kimoja wakizidiwa. Alfajiri ya safari nilimeza vinne. Minza aliniona.

"Baba Kulwa, vinne?"

"Mtihani ni mkubwa."

"Mtihani gani? Unakwenda kwa daktari."

"Ndio huo huo."

Akafunga kanga yake. Tukapanda lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, tukakaa juu ya maturubai. Kila tundu la barabara ile liliingia katika jino langu, na ile barabara ilikuwa na matundu elfu nane, niliyahesabu yote kwa taya.

Benchi la kusubiri pale misheni lilikuwa refu kama treni, nasi abiria wake tulifanana: kila mmoja kafungwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, kama mayai ya zawadi. Jirani yangu alikuwa mfugaji kutoka Mwanhuzi, bonge la mtu, fimbo yake katikati ya magoti. Alinieleza kwamba amewahi kulala porini peke yake fisi wakimzunguka, lakini pale kwenye benchi mguu wake wa kushoto ulikuwa unatikisika wenyewe na hakuweza kuusimamisha. Nilimwangalia mguu, nikaacha kuuonea aibu wa kwangu.

Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatolewa mama mmoja juu ya kitanda cha magurudumu. Mdomo wazi, pamba yenye damu pembeni, macho yamefungwa nusu, weupe tu unaonekana. Benchi zima likageuza vichwa. Mimi nilimtazama kifua. Kilipanda. Nikangoja. Kilishuka. Nikangoja tena, na katika kungoja kule nilisahau kupumua mimi mwenyewe. Wakampitisha kona, sikujua mwisho wake. Nilitaka kumuuliza mtu kama huyo alifaulu maswali.

"Wewe mwenye shati la michirizi," akaita muuguzi. "Ingia."

Mama Felista, ndilo jina lake, alikuwa mwanamke mfupi, mpana, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Mezani kwake kulikuwa na fomu, na juu ya fomu kulikuwa na kalamu. Hiyo kalamu ndiyo niliyoiona.

"Mwangaluka, baba," akanisalimu kwa Kisukuma cha mtu wa kuja.

"Mhola, mayu," salama mama, nikajibu kupitia kile kidole kimoja cha nafasi.

Akanipima uzito. Akaniambia nifungue mdomo, akajaribu kuingiza vidole vyake, akapata kimoja, akaandika. Akaniambia niangalie dari, niangalie kushoto, kulia. Akatazama meno kama mnunuzi wa ng'ombe. Kisha akakaa, akaanza maswali, na moyo wangu ukafurahi kwa namna ya ajabu, maana yalikuwa yale yale. Hata mpangilio karibu ule ule.

"Una tatizo la kifua?"

"Hapana."

"Unabanwa usiku? Unasikia mlio?"

"Hapana."

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana."

"Sigara? Pombe?"

"Hapana, na hapana."

Nilikuwa najibu kabla hajamaliza swali. Alipofika nusu akaanza kunitazama juu ya miwani.

"Unafanya kazi gani, baba?"

Hilo halikuwamo katika maswali ya Mzee Lushinge.

"Karani," nikasema.

"Karani wa wapi?"

"Wa... wa mahali."

Akavaa kipimo masikioni, akanisikiliza mgongoni. Vile vidonge vinne vilikuwa vimefanya kazi; filimbi ilikuwa imejificha. Kisha akanishika mkono, akaangalia saa yake, akaangalia tena.

"Moyo wako unakimbia sana. Unakimbilia wapi?"

"Umefurahi kukuona, mayu."

Hakucheka. Mimi ambaye nimechekesha hata wakaguzi wa mizani, kwake niligonga ukuta. Akaandika kitu, akasema atanirudia asubuhi kabla ya kuingia, nisile chochote kuanzia usiku, hata uji. Nilitoka nikitembea kama niliyevikwa joho.

"Nimefaulu," nikamwambia Minza uani, kwenye majiko ya wauguzaji. "Hapana kumi na nne. Hakuna hata ndiyo moja."

Minza alikuwa anapepea mkaa. Aliacha kupepea.

"Ulisema hapana ya kifua?"

"Hiyo ndiyo niliisema vizuri kuliko zote."

Alinitazama, kisha akatazama mkaa. Mimi nikadhani amevutiwa.

Asubuhi nilivishwa gauni la kijani lililofungwa mgongoni, nikaketishwa kwenye kigoda nje ya chumba. Baridi ya sakafu ilipanda kutoka miguuni. Vidonge vilikuwa vimekwisha nguvu na nyumbani sikubeba vingine. Niliposikiliza, nikaisikia filimbi yangu, mbali, inakuja kama mchunga mbuzi anayerudi. Nikaanza kupumua kidogo kidogo isisikike. Ndipo nilipotambua kwamba naogopa kweli. Siyo woga wa kusimulia. Ulikuwa woga mkavu, wa kimya, ulionifanya niangalie mikono yangu nikashangaa kwamba ni yangu. Nikafikiri: wakinilaza na mlio huu, nani ataniamsha?

Minza alikuwa amesimama ukutani. Mara akatoka pale, akapita mbele yangu, akasukuma mlango wa Mama Felista bila kubisha hodi. Mke wangu, ambaye akimkuta mwenyekiti wa kijiji anapiga magoti!

Nikamsikia mlangoni: "Mama, huyu mtu amekudanganya. Kifua chake kinalia kama paka kwenye gunia. Miaka saba. Anafanya kazi kwenye vumbi la pamba. Jana alikunywa vidonge vinne ili usisikie. Na baba yake mdogo alikufa kwa kifua."

Nilisimama, gauni likapepea nyuma, sikujali. "Minza! Umeniua! Umeniua mbele za watu!"

Akageuka. Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa ngumu. "Nimekuua? Mimi nimekuzika mara ngapi, Baba Kulwa? Kila usiku ukinyamaza naweka mkono puani kwako. Kila usiku! Wewe unadhani nalala?"

Mtu wa maneno kama mimi, nilikaa chini.

Mama Felista alitoka na ile fomu. Akaichana mbele yangu vipande viwili, taratibu, bila hasira. Akavuta kigoda kingine, akaketi, magoti yake karibu yaguse yangu. Akanisikiliza kifua upya. Safari hii hakuhitaji kipimo.

"Leo hulali," akasema.

Nikayaelewa maneno yale kwa namna yangu: nimenyimwa kichupa.

Siku ile ile daktari wa meno aliniganzisha shingoni kwa sindano, akatoboa chini ya taya kutoa usaha ili usiteremke. Nitakuambia tu kwamba ulitoka mwingi, na kwamba nilimpigia kelele mpaka ng'ombe wa misheni wakajibu. Jino lenyewe likabaki, lingoje kifua. Nikapewa kitanda. Sindano asubuhi, sindano jioni, siku kumi. Kalenda yangu ikawa makalio. Sindano ya nne shavu lilipungua. Ya tisa nikaingiza vidole viwili mdomoni. Ya kumi na moja nikala ndizi iliyopondwa, nikalia machozi kwa utamu wake. Nilipewa na dawa ya kuvuta kifuani, na kila siku Mama Felista alipita kunisikiliza, akaandika, akaenda zake.

Mimi siku hizo kumi nilikuwa nafanya maandalizi. Niliamini ananinenepesha tu. Nilimwelekeza Minza ng'ombe yupi abaki nyumbani, yupi apewe kaka yangu, Kulwa asome mpaka wapi na Doto mpaka wapi. Nilimwachia Masanja kofia yangu. Minza alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kofia yenyewe imetoboka," akaendelea kumenya viazi.

Hatukuwa tumepatana bado. Tulizungumza habari za uji na za maji ya kuoga, basi. Mchana mmoja, kama sindano ya kumi na nne hivi, niliamka kutoka kwenye usingizi mdogo nikasikia mtu anakoroma. Nikageuka. Minza alikuwa kwenye mkeka pembeni mwa kitanda changu, mdomo wazi, mkono mmoja umeanguka kando, amelala kama gunia lililotupwa. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona amelala hivyo. Siku zote mimi nilitangulia kulala, na mimi nilichelewa kuamka. Nikamwangalia mpaka akafumbua macho.

"Kumbe unakoroma," nikasema.

Akajifuta mdomo kwa kanga. "Kifua chako kimenyamaza," akasema. "Ndiyo nimelala."

Nikasikiliza. Kweli. Kulikuwa na sauti ya nzi dirishani, na ya mtu anatwanga mbali, na kifuani kwangu hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimesahau kwamba kimya kile kipo duniani.

Kwa hiyo wewe unayesoma, pokea ushauri mmoja tu kutoka kwangu: siku ya maswali, usiende peke yako. Nenda na yule anayelala karibu nawe. Yeye anakujua ukiwa umelala, na ndicho wanachotaka kukijua.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja nilirudishwa kwenye kile chumba chenye meza. Fomu mpya, kalamu ile ile. Minza nilimwomba aingie. Nikajibu maswali kumi na nne, na nikaongeza mengine ambayo hayakuulizwa. Kifua, ndiyo. Dawa, ndiyo, vinne. Pombe, ndiyo, msimu wa mavuno, na mavuno yenyewe huwa marefu. Kukoroma, Minza alijibu kwa vitendo, mpaka Mama Felista akacheka hata miwani ikamdondoka. Nilicheka nao kwa mdomo tu. Nilikuwa nikizihesabu alama zangu moja moja, na kila "ndiyo" niliiona inamimina tone kutoka kwenye kile kichupa.

"Vizuri," akasema Mama Felista. "Hatutakulaza usingizi mzito. Mdomo sasa unafunguka. Nitakupa dawa ya kusinzia kidogo, daktari akupige ganzi. Utakuwa unanisikia, kama mtu aliyelala kivulini. Twende."

Kwenye kitanda cha magurudumu nilimshika mkono Minza mpaka kwenye mstari mwekundu ambao wauguzaji hawavuki. Vidole vikaachana. Taa ya juu ilikuwa kubwa kama sinia. Mama Felista aliketi kichwani pangu, nikahisi mkono wake wenye joto chini ya kidevu. Sindano ikaingia mkononi. Nilitaka kumwambia kitu cha mwisho, kitu kizuri, cha mtu msomi, lakini ulimi ukawa mzito, taa ikalegea, na woga wote nilioubeba tangu palizi ukakaa chini mahali fulani nje yangu, kama mzigo alioutua mtu. Nilisikia sauti yake mara kwa mara: "Vuta pumzi, baba. Vizuri. Vuta tena." Nilisikia kitu kikubwa kinang'oka, kama kisiki shambani kwa jirani. Hakikuniuma.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehama ukuta mmoja kwenda mwingine. Ulimi wangu ulikwenda wenyewe kule nyuma ukakuta pamba na shimo. Mama Felista alikuwa bado pale pale kichwani, kwenye kigoda chake, mkono wake juu ya kifua changu. Minza alikuwa miguuni, ameruhusiwa kuingia.

Nilijikokota kumshukuru, mate na damu vikinitoka pembeni. "Mayu. Wabeja. Wabeja sana kwa ile ya kuamka. Najua sikustahili. Kama umemnyima mtu, niambie ni nani nikamwombe radhi."

"Ya kuamka nini?"

"Dawa. Ile ya kwenye kichupa."

Alimtazama Minza. Minza akatazama dari. Kwa hiyo nikamweleza yote, kwa ulimi ule mzito: Masanja, mtu wa Nkololo, alama, kitanda cha pili. Alinisikiliza bila kunikatiza, akanifuta mdomo kwa kitambaa, akaangalia saa yake, akaandika mapigo yangu.

"Hakuna dawa ya kuamka, baba," akasema. "Dawa ya kulala ikiisha mwilini, mtu anaamka mwenyewe. Maswali yale nakuuliza ili nikikaa hapa kichwani kwako nijue niangalie nini."